Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: karatasi za mpakani ziongee Kiswahili

Mheshimiwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Vyama vya Ushirika,

Nakusalimu kutoka Busia, mji ambao upande huu ni Uganda, upande ule ni Kenya, na jina ni lile lile.

Mimi nauza mukene. Wanunuzi wangu wa Kenya humwita omena. Wale wanaokuja kutoka Tanzania kupitia Mutukula humwita dagaa. Samaki ni huyo huyo wa ziwa letu. Sijawahi kushindwa kuelewana na mteja juu ya bei, uzito au ukavu wa mzigo. Kiswahili changu kimechanganyika na Kisamia, chake na Kijaluo, na biashara inakwenda. Taabu huanza karatasi inapotolewa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilituwekea utaratibu mzuri. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, nao unavuka bila ushuru wa forodha. Ni haki kubwa kwa mama mwenye magunia kumi. Lakini cheti nilichopewa mimi kilikuwa cha Kiingereza, na shule niliiacha darasa la nne.

Msimu mmoja wa mvua, tulikuwa wanawake watatu na lori moja. Tulimlipa kijana atujazie. Akaandika mzigo wetu wote kwa jina la mtu mmoja, thamani ikapita kile kiwango, tukaambiwa tulete hati za wafanyabiashara wakubwa. Hatukujua kosa liko mstari gani. Mzigo ulilala siku mbili chini ya turubai linalovuja. Mukene akilowa hanuki tena kama chakula cha watu, anauzwa kwa wenye kusaga chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Mwenzetu mmoja hakurudi tena sokoni. Wengine tangu siku hiyo wanapita njia za panya, wanakohongwa watu na kunyang'anywa mizigo, ingawa bidhaa yao ni halali kabisa.

Sheria haitukatazi. Katiba yetu, baada ya marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walikifanya lugha rasmi ya Jumuiya, pamoja na Kifaransa, na Julai 2022 Baraza letu la Mawaziri likaidhinisha uamuzi huo utekelezwe.

Najua kwa nini mwendo ni wa polepole. Kwa watu wa umri wa mama yangu, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani usiku. Mama hakutaka nikiongee nyumbani, na sikumlaumu, kwa kuwa aliyoyaona aliyaona. Lakini mimi hapa sokoni nimekisikia kikikopesha, kikisamehe deni, kikiomba mchumba. Watoto wangu hawakijui kwa bunduki.

Nakufuatilia redioni ukiwakaribisha wawekezaji, na nafurahi. Ila mwekezaji anayejenga kiwanda Namanve, karibu na Kampala, hahesabu Waganda peke yao. Anahesabu Kenya, Tanzania, na Kongo iliyoingia Jumuiya mwaka 2022, ambako mashariki yote kuanzia Bunia hadi Lubumbashi watu wananunua na kuuza kwa Kiswahili. Litazame bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na kwetu ni 296 tu. Kijana wetu fundi wa kuunganisha mabomba akitaka kazi upande wa pili, nani atamwelewa? Na kampuni ya kigeni inapomkabidhi mkulima mkataba wa mazao asioweza kuusoma, anatia dole gumba kwenye jambo alilosimuliwa tu.

Ninachokuomba hakihitaji mkopo wa nje. Cheti kile, pamoja na orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, vichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani katika kila kituo, Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, vikiwa na kiwango cha thamani kwa shilingi. Na mwekezaji anayepewa msamaha wa kodi awekewe sharti la kumpa mkulima mkataba katika lugha anayoisoma, iwe Kiswahili au lugha ya kwao.

Mimi na wenzangu wa soko la samaki tuko tayari kukaa na watafsiri wako, asubuhi yoyote ambayo si siku ya soko, tuwaonyeshe ni neno gani linaeleweka na lipi litatupoteza. Kwenye mstari wa samaki, yaandikwe majina yote matatu: mukene, omena, dagaa.

Wako mtiifu,
Muuza mukene, Busia, Uganda