Picha ya mwanao imefifia ukutani? Usiitupe kwanza

Wiki chache zilizopita mama mmoja alitutumia picha mbili WhatsApp. Katika ya kwanza kuna tembo wa njano mwenye mistari myekundu, kazi ya binti yake wa miaka saba kwenye darasa letu la watoto la Jumamosi, imebandikwa ukutani karibu na dirisha la sebule. Ya pili ni ukuta ule ule baada ya wiki mbili: tembo amebaki kivuli cha tembo. Chini yake ameandika, "Dada, mbona rangi zenu feki?"

Tulimjibu siku ile ile. Ila hakuwa wa kwanza kuuliza, na wapo wengine wanaopiga simu kabla ya kulipia wakitaka kujua kama Jumamosi yetu ni darasa la kuchora au la sayansi. Kwa bahati maswali haya mawili yana jibu moja.

Rangi ya yule tembo haikutoka duka la vifaa vya shule. Ni manjano ya kupikia, yale yale ya kupimiwa sokoni Kariakoo. Na kila aliyewahi kufua shati jeupe la shule lililodondokewa mchuzi anajua nusu ya somo letu tayari. Unapaka sabuni ya mche, doa la njano linageuka jekundu, moyo unashtuka ukidhani shati ndiyo basi tena. Unasuuza, wekundu unapungua. Unaanika juani, na jioni doa hulioni.

Ndani ya manjano kuna kitu kinachoitwa kurkumini, ndicho chenye rangi. Kikiwa kwenye asidi, kama maji ya ndimu au siki, hubaki njano. Kikikutana na besi, yaani vitu kama sabuni, magadi au maji ya jivu, hugeuka chekundu cha matofali. Mtoto akidondoshea ndimu palipokuwa pekundu, njano inarudi. Hapo ndipo kelele zinapoanza, na si za watoto peke yao.

Siku ya kwanza kabisa tulikoroga manjano kwenye maji, tukaaibika. Unga ulituama chini ya kikombe na karatasi zikatoka mabaka kama ukuta uliovujiwa. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka mafuta au spiriti. Siku hizi tunaloweka manjano kwenye spiriti ya dukani, tunachuja kwa kitambaa, tunapaka karatasi ya manila kwa brashi pana na kuianika kivulini. Kazi hiyo tunaifanya wenyewe kabla wageni hawajafika, mbali na jiko, kwa sababu spiriti inashika moto haraka. Mkitaka kujaribu nyumbani, hatua hiyo afanye mtu mzima.

Mtoto anapokaa mezani anakuta karatasi ya njano tupu, brashi, na vikombe visivyo na majina: maji ya chumvi, ya sukari, ya magadi, ya jivu, ya sabuni, ya ndimu. Hatumwambii kipi kinachora. Anachovya, anajaribu, anakasirika na chumvi isiyofanya chochote, anagundua magadi. Wengine hukomea kwenye mistari. Wengine huanza kupanga: magadi mazito kwa wekundu uliokolea, maji ya jivu kwa wekundu hafifu, ndimu ya kufutia walipokosea. Yule binti wa tembo alitumia jivu kwenye masikio tu, akasema masikio ni membamba. Sasa hiyo ni sanaa au sayansi? Sisi tumeshaacha kubishana.

Turudi kwenye kufifia. Jua linavunja kurkumini, ndiyo maana shati linatakata kambani, na ndiyo maana tembo wa ukutani alififia. Tungeweza kubadilisha rangi tukatumia za kopo. Tuliwaza hivyo kwa siku kama mbili baada ya lalamiko la kwanza. Halafu mmoja wetu akauliza: kama jua linafuta, kwa nini tusilitumie jua lenyewe kuchora?

Basi Jumamosi ya pili ya mwezi sasa ni ya majani. Unaweka jani juu ya karatasi ya manjano, unalibana kwa kioo cha fremu ya picha, unaacha juani kwa saa kadhaa. Palipo wazi panapauka. Chini ya jani njano inabaki. Ukishatoa jani, pitisha pamba yenye maji ya magadi taratibu: jani linatokea jekundu, na ukichagua jani jembamba utaona hata mishipa yake. Mwingereza John Herschel aliandika kuhusu picha za namna hii mwaka 1842, akitumia maji ya maua na mimea, wakati upigaji picha wenyewe ulikuwa bado mchanga. Alikuwa na jua la Uingereza, tunamwonea huruma. Jua la Dar es Salaam la saa nne asubuhi linatosha na kubaki. Siku ya mawingu tunaahirisha, msitulaumu.

Picha hizi nazo zitafifia zikikaa kwenye mwanga. Ziwekeni ndani ya kitabu au droo, au zipigeni picha kwa simu mapema. Na ile iliyokwisha kufifia mnaweza kuirudisha kwetu: upande wa nyuma ni mzima, tutaupaka manjano upya bila malipo.

Jumamosi nyingine tunatoboa boksi la viatu kwa msumari na kuweka karatasi iliyopakwa mafuta upande wa pili, mtoto anaona mwembe wa uani umesimama kichwa chini, anauchora hivyo hivyo. Waliokulia kwenye nyumba ya bati kuukuu wanaujua mchezo huu bila kujua: kile kiduara cha mwanga sakafuni chini ya tundu la msumari ni sura ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, viduara vile viligeuka hilali. Wazazi wengi hukumbuka siku hiyo tukiitaja, na mazungumzo hayaishi.

Ombi moja kwa wazazi, na hili tunalisema kwa heshima. Hii si sehemu ya kumwacha mtoto ukaenda saluni. Ada tunatoza kwa familia, si kwa kichwa, makusudi kabisa, ili baba na shangazi nao wakae mezani. Tulishajaribu kuweka viti pembeni kwa wazazi. Vikawa viti vya simu. Tumeviondoa. Bibi mmoja aliyekuja kusindikiza tu ndiye aliyetufundisha kuchekecha jivu kabla ya kulitia maji, na mpaka leo tunafuata njia yake.

Tunapokea watoto wa miaka 5 hadi 12, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Wavalisheni nguo za kuchezea. Vifaa vyote vipo, isipokuwa majani: uani kwetu kuna mpapai na mwembe peke yake, na watoto wameshachoka navyo. Kama nyumbani kuna muarobaini, mkunde au kisamvu, njooni na majani mawili matatu.