Ile 3 uliyoifuta

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, pamoja na karatasi ya mtihani uliyoikunja mara nne kama vile hukutaka niione. Jana usiku nilipomaliza hesabu za dagaa niliikunjua, nikakaa nayo mpaka umeme ukakatika.

Swali la nne ndilo lililonikalia kichwani. Ulipewa f(x) = (x² − 9)/(x − 3), utafute domeni, yaani namba zinazoruhusiwa kuingia mahali pa x, na renji, yaani namba zinazoweza kutoka. Ya juu ukaigeuza kuwa (x − 3)(x + 3), ukafuta (x − 3) juu na chini, ikabaki x + 3. Kazi safi. Kisha ukaandika domeni ni namba zote, renji ni namba zote, na mwalimu akakukosesha.

Rudi pale kabla hujafuta. Weka 3 mahali pa x. Juu 9 − 9, chini 3 − 3: sifuri kugawanya kwa sifuri, na hiyo haina jibu. Kule kufuta hakukuipa 3 ruhusa ya kuingia, kulificha tu mlango uliokuwa umefungwa. Domeni ni namba zote halisi isipokuwa 3. Na renji je? x + 3 hutoa 6 pale tu x inapokuwa 3. Kama 3 haikuingia, 6 itatoka wapi? Kwa hiyo renji ni namba zote isipokuwa 6. Ukichora grafu utapata mstari ulionyooka wenye tundu moja kwenye (3, 6); weka hapo kiduara kitupu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza kwa nini siku za mbalamwezi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kunapoa? Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawajikusanyi kwenye mwanga wa taa, mitumbwi inalala ufukweni. Mvuvi hahesabu ndoo kabla hajatazama mwezi. Nawe, kabla hujafuta chochote, tazama kwanza namba zipi zinaruhusiwa kuingia.

Kwa maswali yenu ya kidato cha tatu, makatazo ni mawili. Asili ya sehemu, yaani ile ya chini, isiwe sifuri, na kilicho ndani ya kipeuo cha pili kisiwe hasi. Kwa √(6 − 2x), andika 6 − 2x ≥ 0, upate x ≤ 3. Angalia vizuri, ukigawanya kwa −2 alama inageuka. Renji yake inaanzia 0 kwenda juu.

Renji ndiyo inayosumbua wengi, hata mimi ilinisumbua sana. Kilichonisaidia ni kuigeuza fomula. Chukua y = (x + 1)/(x − 3), halafu x ibaki peke yake:

y(x − 3) = x + 1
yx − x = 3y + 1
x = (3y + 1)/(y − 1)

Sasa y ndiyo iko chini, kwa hiyo haiwezi kuwa 1. Renji ni namba zote isipokuwa 1.

Na kuna jambo ambalo kitabu hulipita haraka. Tukikodi gari la mzigo kwa shilingi 60,000, kila mmoja hulipa 60,000/n, n ikiwa idadi yetu. Aljebra peke yake ingekataza 0 tu, ikaruhusu hata −2 au ½. Lakini n ni watu, kwa hiyo ni 1, 2, 3 na kuendelea. Wiki iliyopita tulikuwa watano, nikatoa 12,000. Swali likihusu watu au magunia, usiache kuliuliza hilo.

Mjomba wako anakuja huko Jumamosi, nimempa pesa yako ya matumizi na sabuni. Kabla hajaondoka mpe domeni ya √(x − 1)/(x − 5), na swali la nne ulilolirudia. Andika hatua zote, nitazisoma moja moja.

Mama yako