Yaya, usimufukuze Kalulu mu nyumba

Yaya, mukubwa wangu, jambo sana. Batoto yako baliniambia umekataza masimulizi ya Kalulu, yule sungura mujanja, ati ni uongo na ujanja tupu, mutu wa Mungu hawezi kuchekea mwizi. Ningekupigia telefone lakini ku telefone wewe njo unasemaka peke yako, basi nakuandikia hapa, na bengine basome.

Nakubali, Kalulu ni mwizi. Chukua ile ya kisima. Jua kali, maji imekauka, banyama bote banachimba, yeye anakataa kushika jembe, anasema miye nitakunywa umande. Kisha usiku anakuja na kibuyu cha asali, anamuonjesha mulinzi, mulinzi anataka tena, Kalulu anamuambia asali hii inaonjwa paka na mutu amefungwa kamba, na yule mujinga anatoa mikono! Kalulu anakunywa, anaoga mulemule, anachafua maji, anaenda zake. Mama akifika pale anaigiza sauti ya mulinzi anaomba asali mikono iko mu mugongo, siye tunakufa na kicheko. Na wewe ulikuwa unacheka kushinda bote, usikatae.

Lakini haiishiake pale. Kobe anajipaka ulimbo ku mugongo, anazama mu maji, ananyamaza. Kalulu anaona jiwe zuri la kukanyagia, anaweka muguu, unanasa. Anatukana, anapiga teke na wa pili, unanasa, anapiga na mikono, na mwisho anapiga na kichwa. Roho ya simulizi naiona hapo. Mwenye alichezea banyama bakubwa bote amenaswa na kasirani yake mwenyewe, juu ulimbo ulishika muguu mumoja tu, ile ingine alileta yeye. Nikiona ndugu banagombania parsele ya marehemu, anashindwa ku tribinali, anarudi, anauza gari alipe avoka, ninawaza paka ile kichwa ya Kalulu inaenda kugonga mugongo wa kobe.

Na wewe mwenye kusoma Biblia kila asubuhi, Yakobo je? Alivaa ngozi ya mbuzi ku mikono ili muzee Isaka, macho haioni tena, amupapase na kuzani ni Esau. Akakimbia na baraka. Sura mbili mbele, Labani anamuingizia Lea usiku pa nafasi ya Raheli, kisha anamufanyisha kazi miaka 7 ingine juu ya ile 7 ya kwanza. Pasteri akihubiri ile, kanisa yote inacheka, na Yakobo anabakia babu wa taifa. Sasa Kalulu peke yake njo shetani?

Tena batumwa balivuka bahari na huyuhuyu sungura, kule Marekani akaitwa Brer Rabbit, na ile ya kunaswa iko kule, paka pa nafasi ya kobe kuko sanamu ya lami. Waza batu hawana hata mwili wao, usiku banasimulia kadogo kanachezea wenye meno. Kwangu ile iko karibu sana na sala. Banavajo nabo, wenyeji ba kulekule Marekani, habari za Koyote, mbwa-mwitu mujanja wao, banasimulia wakati wa baridi tu, juu ni kitu cha heshima. Mama pia alikuwa anakataa muchana, ati tutaota pembe (miye nilijaribu, sikuota).

Najua unaogopa batoto bakomee na artikle 15 mu kichwa, ile ya "ujipange mwenyewe", kuishi na ujanja. Yaya, mu Lubumbashi hii ujanja hauna lazima ya mwalimu, batauona ku soko, ku taksi, ku giche. Miye ninapenda bakutane nao kwanza pembeni ya mbabula ya mama, pale mudanganyi ananaswa na kila mutu anamucheka, mbele hawajakutana na yule atawaambia njo akili.

Jumamosi balete Katuba, bukari itakuwa tayari, na umeme ukikatika afazali zaidi. Ile ya fisi na tumbo yake hatutasimulia, hata miye naiona chafu. Ila mama atakuangalia wewe kwanza, juu anakumbuka nani alikuwa anaiomba.