Kwa wanangu mnaoingia baridi yenu ya kwanza Minnesota

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mliotoka Kisii na Mombasa, mliotoka Fizi na Uvira mkapitia kambi ya Nyarugusu, na nyinyi wachache wa Kigoma. Nawaandikia kwa pamoja kwa sababu simu zenu za Jumapili jioni zina kilio kimoja: "Mama, hawa watu wanatuchekea usoni lakini hawatutaki."

Nimekaa Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, miaka 26. Karibu yote hiyo nimekuwa nikiwahudumia wazee wao katika nyumba za kutunzia wazee. Nimewaogesha, nimewalisha, nimekaa nao usiku wakiwaita mama zao waliokufa zamani. Kwa hiyo ninalowaambia sikulisoma mahali. Watu wa hapa ni watu wa stahi kubwa, na stahi yao ina lugha yake. Mkiisikiliza kwa Kiingereza cha darasani mtaumia bure.

Mimi mwenyewe niliumia. Msimamizi wangu wa kwanza kazini aliniambia kwa sauti ya upole kwamba labda ningeweza kufikiria kuandika taarifa za wagonjwa kabla ya kuondoka. Labda. Nikafikiria, nikaona zaweza kungoja kesho, nikaenda zangu kuwahi basi. Akalirudia siku nyingine, kwa upole uleule. Wiki ya tatu nikaitwa ofisini, nikawekewa karatasi ya onyo nitie sahihi. Nililia njia nzima nikijiuliza ni lini niliagizwa nikakataa. Nilikuwa nimeagizwa mara mbili. Kwetu amri huja na sura ya amri, hata mtoto anaijua. Hapa amri huvishwa kanzu ya pendekezo ili wewe unayeamriwa usidhalilike. Basi mkisikia "huenda ungependa" kutoka kwa bosi, inukeni mkafanye papo hapo.

Vivyo hivyo kwa kukataa. Mtu wa hapa hakwambii kwamba chakula chako hakimpendezi au rangi ya ukuta wako imemchukiza. Atasema ni "tofauti". Atasema "inavutia", kisha anyamaze. Msifurahie mapema. Lakini msikasirike pia, maana sisi wa Pwani tuna mafumbo makali kuliko hayo, na tunayaandika mpaka kwenye leso tukayavaa.

Sasa karamu. Mtaalikwa kazini au kanisani kwenye mlo ambao kila mtu huja na sahani yake. Mtakuta hotdish, chakula ambacho sehemu nyingine za Marekani hukiita casserole, na msithubutu kukiita hivyo mbele ya mzee wa hapa. Ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na supu nzito ya uyoga ya mkebe, juu yake vipande vya viazi vimepangwa safu kwa safu kama matofali, kisha kikaokwa. Kila chombo kina kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi chini yake, kimeandikwa jina la mwenyewe. Andikeni na nyinyi, msije mkapoteza sufuria.

Ila ninalotaka mlitazame ni kipande cha mwisho cha keki. Nimelishuhudia hili mara nyingi mno katika chumba chetu cha mapumziko. Keki imebaki kipande kimoja. Anakuja wa kwanza, anakikata katikati, anachukua nusu. Baada ya dakika kumi anakuja mwingine, anakata ile nusu tena. Mwingine anakuja na kisu, anabandua ukanda mwembamba kama ulimi wa kuku. Jioni pale sahanini pamebaki kitu kidogo kuliko tende, hakuna aliyekigusa, na wa kuosha vyombo ndiye atakayekitupa. Wageni wengi wakiona hivyo huguna. Mimi naona watu ambao hakuna kati yao anayetaka kuwa yule aliyemnyima mwenzake. Kijana mmoja wa kwetu alikichukua kipande kizima siku yake ya kwanza, na hakuna aliyemsema. Ndiyo maana nawaambia mimi.

Na mkikaribishwa kahawa, jibu la kwanza ni "usijisumbue". Watawauliza tena, bado mseme mko sawa. Mara ya tatu pokeeni. Mkipokea mara ya kwanza si kosa kubwa, lakini nyinyi mkiwakaribisha wao, jamani, msiulize mara moja mkaacha. Mama mmoja wa kwetu alimwuliza jirani mara moja kama atakula, jirani akasema hapana, wakakaa wanatazamana saa nzima, pilau inapoa jikoni. Bibi zetu hawakumuuliza mgeni, walimtilia sahani. Fanyeni hivyo.

Kuaga kwao pia msikukatize. Mwenyeji au mgeni hujigonga magotini kwa viganja viwili, anavuta pumzi, anasema neno fupi la kwamba basi tena. Hapo safari ndiyo kwanza inaanza. Mtasimama sebuleni, mtasimama mlangoni, mtasimama tena kando ya gari kioo kimeteremshwa. Sisi tunamsindikiza mgeni mpaka njia panda, na hiki ni kile kile. Atakayekimbilia gari lake ataonekana amekasirika.

Njia panda yenye vibao vinne vya kusimama, sheria ni kwamba aliyetangulia kufika hupita kwanza, na mkifika pamoja aliye kulia hupita. Lakini mtakuta wote wanapungiana mikono, pita wewe, hapana wewe. Ukipungiwa mara ya pili, pita.

Kuhusu theluji sitasema kwa kuzunguka kama wao, maana hapa upole wao una mpaka. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, kuna siku 3 za kuegesha gari kwa utaratibu ili barabara zisafishwe. Usiku wa kwanza, tangu saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, hakuna kuegesha kwenye barabara zilizotengwa kwa dharura ya theluji. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, upande wa nyumba zenye namba shufwa hauegeshwi katika barabara nyingine zilizobaki. Siku ya tatu, saa hizohizo, ni zamu ya upande wa namba witiri. Saint Paul wana utaratibu wao mbali, na vitongoji vyetu kila kimoja na chake. Gari likivutwa hakuna atakayewagongea mlango, na kulikomboa kunakula mshahara wa siku kadhaa. Gesi au umeme wa kupashia nyumba ukiwalemea, sheria ya jimbo inawakinga msikatiwe kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini lazima mpige simu mkubaliane namna ya kulipa. Msikae kimya kwa haya. Na ziwa likiganda, msifuate magari mnayoyaona juu yake. Barafu safi ya inchi 4 ndiyo ya chini kabisa kwa mtu kutembea kwa miguu, na hata hiyo hawaiapii.

Wenyewe wana msemo kwamba mtu wa Minnesota atakuelekeza njia ya kwenda popote isipokuwa nyumbani kwake. Una ukweli, siwafichi. Wengi marafiki zao ni wale wa tangu chekechea, na hawaoni kwamba duara lao limefunga. Niliisubiri miaka minne hiyo karibu ya kwao, ikanichosha. Kumbe mwenye kupiga hodi ni mgeni.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa mzee wa asili ya Norway. Tulipungiana mikono miaka yote hiyo, basi. Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku nikakuta njia yangu ya gari imesafishwa theluji yote, kingo zimekatwa wima kama ukuta. Hakuacha hata karatasi. Wiki iliyofuata theluji ikaanguka tena, akasafisha tena. Jumamosi nikakanda mahamri, nikayapanga kwenye sahani yangu ya maua ya buluu, nikafunika, nikavuka, nikagonga. Alisema sikuwa na haja. Alisema tena sikuwa na haja. Mara ya tatu akaipokea kwa mikono miwili.

Siku nne baadaye sahani ilikuwa mlangoni kwangu, imeoshwa, na juu yake vipande vya mraba vya shayiri na chokoleti, mkewe ameviokea. Nilisimama pale na joho la kazi, miguu inaganda, naitazama. Sahani haikurudi tupu! Marehemu mama yangu angeichukulia vibaya ingerudi tupu, na huyu bibi hajawahi kusikia habari za mama yangu.

Tarehe 30 Januari 2019, baridi ilipofika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri na posta ikaacha kupeleka barua, yule mzee alinipigia simu saa 12 asubuhi kuuliza kama gari langu limewaka. Hakuuliza kingine. Nikamjibu limewaka, akasema haya, akakata.

Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Hapa ni beleshi. Nunueni kabla ya Novemba, na mkimaliza mlangoni kwenu, endeleeni hatua chache hadi mlangoni kwa jirani, mrudi ndani bila kugonga.

Mimi nipo Jumamosi baada ya adhuhuri, chai iko. Kukiwa na theluji msiegeshe barabarani, ingieni uani. Beleshi la ziada liko nyuma ya mlango wa gereji. Asiye nalo alichukue, hakuna haja ya kuniuliza.

Mama yenu,
Brooklyn Park