Yah: Kunyimwa Nusu ya Dau Kwenye Meza ya Poka

Meneja wa Kasino,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Jumamosi iliyopita usiku nilicheza poka ya Texas Hold'em ya pesa taslimu ukumbini kwenu. Mkono ninaoulalamikia ulikuwa na dau la shilingi 180,000. Mezani zililala ree ya kopa, kingi ya uru, kwini ya pau, nane ya kopa na nne ya uru. Mimi nilishika ree ya pau na sita ya uru. Mwenzangu alishika ree ya shupaza na saba ya shupaza. Mgawa karata akamsukumia dau lote, akasema saba imeila sita.

Si kweli. Mkono wa poka ni karata tano. Kila mmoja wetu alikuwa na karata saba za kuchagulia, mbili za mkononi na tano za mezani, na tano zangu bora zilikuwa ree mbili, kingi, kwini na nane. Zake ni hizohizo. Ukiwa na jozi moja, nafasi za kika, yaani karata za pembeni zinazoamua mshindi jozi zikilingana, hubaki tatu tu, na zote tatu zilishajazwa na karata za mezani. Saba yake ilikosa pa kukaa, kama sita yangu. Ilikuwa sare, kila mtu achukue 90,000. Mezani pangekuwa na tano badala ya ile nane, saba yake ingeingia kwenye mkono na mimi ningenyamaza, maana ningekuwa nimeshindwa kihalali.

Nilipinga palepale, karata zote zikiwa wazi na mkono mwingine haujagawiwa. Msimamizi wa zamu akaja, akatazama, akaongeza kosa la pili: eti ree ya shupaza ni kubwa kuliko ree ya pau. Katika Texas Hold'em aina ya karata haiamui sare hata siku moja. Huwa na cheo mnapochota karata kuamua nani aanze kwenye nafasi ya mgawaji, na nadhani hapo ndipo alipochanganya mambo.

Mwenzangu simlaumu, alipokea alichopewa. Lakini pembeni yangu alikaa kijana aliyekuja kucheza kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama shupaza hushinda siku zote. Nilimweleza, ila yeye alimwamini aliyevaa sare ya kasino, na ndivyo ilivyo haki yake kumwamini.

Naomba mtazame picha za kamera ya meza namba 2, kuanzia saa tano na nusu usiku, kabla hazijafutwa, kisha mnilipe 90,000 yangu. Naomba pia wagawaji na wasimamizi wenu wafundishwe upya kusoma mkono wenye kika. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Wenu,
Mteja wa meza namba 2