Krimu ya mseto haiponyi fangasi, inaificha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wa maduka ya dawa hapa Mwanza, pamoja na wateja wetu, juu ya ile krimu ya mseto tunayomkabidhi kila anayesema "nipe dawa ya fangasi". Msimu wa mvua ukifika, kuanzia Kirumba hadi Igogo na Nyegezi, wanaokuja kuiomba ni wengi, na wengi wao ni wale wale waliokuja mwezi uliopita. Wanasema fangasi imerudi. Itarudi kutoka wapi, ikiwa haikuondoka?

Chukua boksi la krimu hiyo ulisome. Mbele lina jina la biashara kwa herufi kubwa. Geuza upande wa maandishi madogo, utakuta dawa tatu au nne ndani ya tyubu moja: Clotrimazole ya kuua fangasi, Gentamicin au Neomycin ya bakteria, halafu Betamethasone au Clobetasol. Hizi mbili za mwisho ni steroidi. Steroidi haiui fangasi wala bakteria. Inachofanya ni kuutuliza mwili uache kupambana. Wekundu unafifia, muwasho unakata kesho yake, na mgonjwa anasema dawa ni kiboko. Siku ya nne anaiweka kabatini, wakati klotrimazoli iliyomo humo inahitaji wiki kadhaa kumaliza kazi yake. Fangasi imebaki, tena kwenye ngozi iliyopunguziwa kinga. Inatambaa kimya kimya. Muwasho unapolipuka upya, mtu anarudi dukani na kuuziwa tyubu ile ile.

Akizungushwa hivyo mara tatu nne, baka linapoteza sura. Ile duara yenye ukingo ulioinuka, ambayo hata bibi kijijini angeitambua, inageuka wekundu uliotapakaa na vipele hapa na pale, na daktari naye anababaika. Madaktari wa ngozi huiita tinea inkognito, yaani fangasi iliyojificha, na wamekuwa wakiizungumzia tangu mwaka 1968. Kwenye kinena ngozi inakuwa nyembamba na kutoa michirizi kama ya mjamzito, na michirizi hiyo haifutiki hata fangasi ikiisha. Usoni inaleta chunusi na mishipa myekundu. (Clobetasol hiyo hiyo ndiyo wanayoitafuta wanaojichubua, kwa hiyo tusishangae ngozi inavyoharibika.) India hali imefika mbali zaidi: kumeenea fangasi aina ya Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii terbinafini (dawa nyingine ya kuua fangasi), na wataalamu wa huko wanazitaja krimu za mseto miongoni mwa sababu.

Kinachotakiwa kwa fangasi ya kawaida ya mwilini na mapajani ni klotrimazoli asilimia 1 peke yake. Boksi liwe na jina moja tu la dawa. Inapakwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi nne, na baada ya ngozi kuonekana safi unaendelea wiki mbili nyingine. Terbinafini ya kupaka, nayo ya asilimia 1, ni ghali kidogo lakini inamaliza mapema: wiki moja kwa fangasi ya katikati ya vidole vya miguu, moja hadi mbili kwa mwili na kinena.

Kosa jingine liko kwenye kipimo, na hapa sisi wauzaji hatusaidii kwa sababu tunasema "paka kidogo" bila kueleza kidogo ni kiasi gani. Kamulia krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Sasa piga hesabu. Mwenye fangasi mapaja yote mawili, eneo la kama viganja vinne, anatumia gramu moja kila anapopaka, gramu mbili kwa siku. Tyubu ya gramu 20 inamwishia siku ya kumi. Akija kusema "nimemaliza dawa na sijapona", ukweli ni kwamba dawa ilimwishia njiani. Alipaswa kuuziwa mbili tangu mwanzo, au tatu.

Na apake wapi? Fangasi iko hai zaidi pembeni, kwenye ule ukingo wenye magamba. Katikati pameshaanza kupoa. Watu wengi hupaka katikati kwa sababu ndipo panapoonekana peusi. Anza nje ya ukingo, upana wa vidole viwili kwenye ngozi inayoonekana nzima, ukiingia ndani. Ngozi iwe imeoshwa na kukauka kabisa kwanza.

Tuje kwenye miguu, maana huu ni mji wa ziwa. Wapakuaji wa dagaa pale Mwaloni, wanaokata minofu ya sangara viwandani, waosha magari, wote hao hushinda ndani ya mabuti ya mpira au miguu majini. Tenganisha kidole cha mwisho na kile cha jirani yake, utazame. Ngozi ni nyeupe, imelowa na kuvimba kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa. Ukiisugua inatoka vipande, na chini yake pana mpasuko mwekundu unaochonyota ukiguswa na sabuni. Mpasuko huo ni mlango wa bakteria. Mguu unaovimba ghafla, ukawa mwekundu wa moto na homa juu, mara nyingi uliingiliwa hapo, na mwenye kisukari ndiye asiyepaswa kuupuuza hata siku moja.

Pale krimu peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi inalishwa na unyevu kila siku. Ukitoka kazini osha miguu, kausha kati ya kila kidole kwa kitambaa kikavu, kisha mwisho kabisa paka dawa. Kwa vidole vya miguu yote miwili nusu gramu kila unapopaka inatosha, hivyo tyubu ya gramu 20 inakwenda siku 20. Kwa wiki nne nunua mbili. Usiku weka kipande cha pamba au kitambaa safi kati ya vidole vilivyobanana ili hewa ipite. Buti la mpira lililolowa jasho halikauki kwa usiku mmoja, kwa hiyo mwenye uwezo awe na jozi mbili na kuvaa kwa zamu. Asiye na uwezo alijaze karatasi za gazeti usiku kucha, asubuhi azitoe. Gazeti la jana linafaa sana kwa kazi hii, Mhariri, utusamehe. Soksi ziwe za pamba, zibadilishwe kila siku, na zivaliwe kabla ya chupi. Ukivaa chupi kwanza inapita kwenye miguu yenye fangasi, halafu unaipandisha moja kwa moja mpaka kinena. Taulo nayo iishie miguuni, isianzie huko.

Kufua kwa maji ya bomba hakuui fangasi iliyo kwenye soksi na taulo. Maji ya nyuzi joto 60 ndiyo yanayoaminika. Changanya sufuria mbili za maji yanayochemka na moja ya baridi, zamisha nguo, funika nusu saa, ndipo ufue na kuanika juani. Viatu vya mtumba vivaliwe na soksi hata kama vinaonekana vipya.

Yapo pia mafuta ya Whitfield, dawa ya zamani na ya bei nafuu, yenye asidi benzoiki asilimia 6 na asidi salisiliki asilimia 3. Yanafaa nyayo zenye ngozi ngumu iliyopasuka, mara mbili kwa siku hadi wiki nne. Ila yasipakwe usoni, kinenani wala penye kidonda, yanaunguza. Na kwa kuwa tumetaja kuunguza: maji ya betri na kitunguu saumu kilichopondwa huacha kidonda cha moto, na fangasi inabaki pembeni yake.

Mapunye ya watoto, ambayo wengine huyaita mashilingi, ni habari nyingine kabisa. Fangasi imeingia ndani ya unywele wenyewe na kwenye shina lake chini ya ngozi, ambako krimu haifiki, iwe ya mseto au ya peke yake. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, na apimwe uzito kwanza. Griseofulvini ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku, kwa wiki sita hadi nane. Imezwe na chakula chenye mafuta, kama maziwa, karanga au samaki wa kukaanga, maana tumboni pasipo na mafuta sehemu kubwa ya dawa hupita bila kufyonzwa. Hapa ndipo wazazi wanapoponyokwa: wiki ya tatu nywele zinaanza kuota, vidonge vinaachwa. Mjamzito asiitumie dawa hii. Likitokea bonge laini kichwani linalotoa usaha, lisipasuliwe kama jipu. Ni mapunye yale yale yaliyochachamaa, na mtoto apelekwe hospitali haraka kwa sababu kipara chake kinaweza kuwa cha kudumu. Akishaanza dawa hakuna sababu ya kumzuia shule, ila asigawane kofia na kitana.

Watoto huyapata wapi mapunye? Kwa watoto wenzao, na mara nyingine kwa kinyozi. Tazama mashine kwa karibu kati ya mteja na mteja: kwenye meno yake mmebaki nywele fupi na vumbi la magamba. Kuirudisha kwenye kile kisanduku chenye taa ya bluu ikiwa hivyo ni mapambo tu, kwani mwanga hauui kilicho chini ya nywele. Kwanza ipigwe brashi mpaka meno yawe matupu, kisha ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe. Vitana na vile vibanio vya plastiki vioshwe kwa sabuni, halafu vizamishwe dakika 10 kwenye Jik: kikombe kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, yaliyochanganywa siku hiyo hiyo. Chuma cha mashine kisitiwe humo, kitapata kutu. Kofia ngumu za abiria wa bodaboda zinahitaji angalau kitambaa cha kuvaa ndani.

Mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni, yale yanayoitwa mba wa mwilini, hayaambukizi kwa kugusana. Yanatokana na hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu, ikazidi kwa joto na jasho. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 ipakwe, iachwe dakika 5, ioshwe, kwa siku tano mfululizo. Rangi huchukua miezi kurudi, na hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Kucha zilizonenepa na kugeuka njano haziponi kwa krimu, na vidonge vyake (terbinafini, wiki 6 kwa kucha za mikono na 12 kwa miguu) visianzwe kabla ya kipimo, kwa sababu si kila kucha mbaya ina fangasi. Anayeandikiwa ketokonazoli ya vidonge kwa ajili ya ngozi aulize tena: tangu 2013 Ulaya na Marekani waliizuia kwa matumizi hayo kwa sababu ya ini.

Kuna baka moja ambalo mwenye duka akiliuzia krimu amekosea vibaya. Ni lile lisilowasha na lisilohisi. Mfumbe mgonjwa macho, mguse taratibu kwa ncha ya pamba katikati ya baka, kisha nje yake. Akishindwa kusema ameguswa ndani ya baka, hiyo si ya dukani. Aende kituo cha afya akachunguzwe ukoma, na dawa zake hutolewa bure.

Vilevile wa kupelekwa hospitali ni mwenye kisukari, mtoto mchanga, mwenye fangasi iliyotapakaa mwili mzima (apimwe pia VVU), na yeyote aliyepaka dawa sahihi kwa kipimo sahihi wiki nne bila nafuu. Maabara wanakwangua magamba ya ukingoni, wanayaweka kwenye kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi na kutazama kwa hadubini. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini mgonjwa awe ameacha kupaka dawa kwa wiki moja hivi, la sivyo kioo kinaweza kuonekana kitupu.

Kwenu wenzangu wa kaunta: kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu, ombeni kuona baka lenyewe kama liko mahali panapoonyesheka, na ulizeni ni krimu gani imeshapakwa. Akitaja ya mseto, mwambieni mapema kwamba siku za kwanza baada ya kuiacha muwasho utazidi, asije akadhani dawa mpya ndiyo mbaya. Kisha chukueni kalamu muandike tarehe ya mwisho ya kupaka juu ya boksi. Anayenunua leo tarehe 3 dawa ya miguu ya wiki nne aandikiwe 30, na apewe tyubu zinazofika huko.

Mfamasia,
Ilemela, Mwanza