Kwa wazazi ambao binti amejifungua mapema

Ndugu wazazi wenzangu,

Kuna usemi umenichosha: "Mtoto wa mtoto ni mwizi wa kesho." Husemwa misibani, husemwa harusini, na mara nyingi binti mwenyewe kaketi palepale, kichanga kifuani, anasikia kila neno.

Sikatai kwamba watoto wa mama wadogo huingia matatani na polisi zaidi ya wenzao. Tafiti zimeonyesha hivyo. Lakini binti huyo mara nyingi alikuwa na dhiki tele kabla hata ya mimba. Mwaka 1992, watafiti Arline Geronimus na Sanders Korenman wa Marekani waliwalinganisha ndugu wa kike, mmoja kazaa mapema, mwingine kachelewa. Tofauti ya maisha yao ilikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani, kwani sehemu kubwa ya shida ilitoka nyumbani walikolelewa.

Tena, nchini humo uzazi wa vijana, baada ya kushuka kwa miaka mingi, ulipanda tena mwishoni mwa miaka ya 1980 ukafika kilele kipya mwaka 1991: wasichana kama 62 katika kila 1,000 wa miaka 15 hadi 19 walizaa mwaka ule. Vichanga vile vikatimiza miaka 18 mwaka 2009. Kwa usemi wenu, huo ungekuwa mwaka wa balaa. Kumbe kiwango cha uhalifu wa kutumia nguvu kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya theluthi moja tangu 1991. Sababu za kushuka ni nyingi, wala wataalamu hawajaacha kubishana, ila usemi wenu haumo.

Nami sisemi haya kama mtu msafi. Binti yangu alipojifungua ana miaka 16, nilimfungia mlango. Majuma mawili! Nilipomfuata, gauni lilikuwa linamning'inia mabegani na mtoto anakohoa. Hapo ndipo niliona jinsi mhalifu anavyotengenezwa, na fundi nilikuwa mimi.

Mama yake akachukua zamu ya asubuhi, nami ya jioni (nilijifunza kubadilisha nepi uzeeni, mcheke mnavyotaka), binti akarudi shule. Usiku mmoja nilimkuta anapiga hesabu pembezoni mwa gazeti kuukuu, mguu mmoja unatikisa kitanda cha mtoto. Mtoto yule sasa ndiye anayenisomea ujumbe wa simu, macho yangu yamechoka.

Kwa hiyo mpokeeni, gawaneni zamu, mrudisheni darasani. Kijana mwenzake aliyezaa naye, kama naye bado ni mtoto, muiteni na wazazi wake, naye apewe zamu yake ya kulea.

Lakini kama aliyempa mimba ni mtu mzima, msikae naye kikao cha kumalizana kimyakimya. Mmekuwa mkimtafuta mhalifu kwenye nepi, na yeye amekaa kwenye kiti cha wageni. Mpelekeni polisi.

Mzee mwenzenu